Nafsi ya Tatu Barabara ya Morogoro

Kimara, Dar es Salaam, hakuna anayekata "bima ya dhima kwa mtu wa tatu". Watu wanakata bima ndogo. Wakala atakuuliza swali moja tu, ndogo au kubwa, na jibu lako litategemea ulicho nacho mfukoni. Kubwa inakulipa wewe gari lako likiibwa, likiungua au likipinduka. Ndogo haikulipi wewe kitu. Inamlipa yule uliyemgonga. Kwa miaka kadhaa bei yake kwa gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 118,000, yaani laki moja ya bima yenyewe na 18,000 ya kodi ya ongezeko la thamani, ilhali kubwa hupigiwa hesabu kwa thamani ya gari na huweza kufika mamilioni. Basi ndogo ikaitwa ndogo kwa kipimo cha mnunuzi.

Sina ugomvi na lugha ya mtaani. Ndiyo inayolisha kamusi. Lakini jina hili limepima kitu kwa upande usio wake. Mwanafunzi aliyevunjwa mguu akivuka barabara pale Kimara Korogwe hafaidiki na ukubwa wa bima ya mtu mwingine. Gari lililomgonga liwe na kubwa au ndogo, fungu linalomhusu yeye ni lilelile, nalo ndilo fungu pekee ambalo sheria imelifanya kuwa la lazima. Kwake hiyo ndiyo bima. Na kwa kuwa tumezoea kuiita ndogo, tumezoea pia kuiona kuwa ni gharama ya kupitia mbele ya trafiki bila kusimamishwa, stika tu, na tumesahau kwamba ni ahadi tuliyompa mtu tusiyemjua.

Sasa kuna chombo kinachoingia barabarani bila hata hiyo ndogo, na sehemu kubwa ya tatizo lake ni ya maneno.

Kimara, ambayo siku hizi iko Manispaa ya Ubungo baada ya kumegwa kutoka Kinondoni, ni nchi ya miinuko. Shuka kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho, iache Barabara ya Morogoro na njia zake nane, elekea Bonyokwa, Kilungule au Golani, na mara moja utaanza kupanda na kushuka, kwenye vumbi kiangazi na kwenye makorongo masika. Wabeba madumu ya maji na wauza mkaa wamekuwa wakipanda vilima hivi na baiskeli zao, wakisukuma zaidi ya kuendesha. Ndiyo maana baiskeli yenye mota inaeleweka hapa bila maelezo marefu. Nyingine zinatoka kiwandani zikiwa hivyo, betri imefichwa ndani ya fremu. Nyingine ni baiskeli za kawaida, za Kichina au za mtumba kutoka Japani, ambazo fundi amezivua rimu ya nyuma na kuzivisha rimu yenye mota katikati, kontrola chini ya kiti, betri ya lithiamu kwenye keria, na resi ya kuvuta kwa mkono wa kulia. Pedeli zinabaki palepale zilipokuwa.

Kitu hicho ni nini? Fundi atakwambia ni baiskeli, kwani si ina pedeli? Dereva wa bodaboda aliyepitwa mlimani atakwambia ni pikipiki. Fomu ya bima haitakwambia chochote, maana inauliza namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wa injini, na chombo hiki hakina injini ya kupimwa ujazo wala kadi ya kuonyesha. Hata mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, unaomwezesha mtu yeyote kuhakiki bima kwa simu yake unataka namba ya chombo au ya stika. Kisicho na namba hakionekani.

Sheria yenyewe, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, ni ya ukoo wa Kiingereza. Uingereza iliifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima kwa sheria yake ya barabara ya mwaka 1930, na makoloni yakafuata. Kenya nayo ina yake, Sura ya 405. Wazo ni lilelile: usiingize chombo cha moto barabarani bila bima itakayolipa kifo au majeraha utakayomsababishia mwingine. Uhuru ulipokuja, sheria ikabaki. Shirika la Bima la Taifa likaanzishwa mwaka 1963, likashika biashara yote ya bima baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, soko likafunguliwa tena mwaka 1996, na Sheria ya Bima ya 2009 ikaleta TIRA. Katika safari yote hiyo "chombo cha moto" kilibaki kama kilivyo, kwa sababu kila mtu alikijua akikiona. Kilikuwa na injini, kilinywa mafuta, kilitoa moshi.

Kishawishi cha kwanza ni kusema kwamba baiskeli ya umeme haina moto, kwa hiyo si chombo cha moto. Nimewasikia watu wazima wakiitoa hoja hii kwa uzito. Haisimami. Asili ya neno si maana yake. Pikipiki ilipata jina kwa mlio wa injini, na ya umeme isiyolia inaitwa pikipiki bila mtu kushangaa. Mwendokasi lilikuwa jina la kosa katika kauli za trafiki kabla halijawa jina la basi linaloanzia Kimara, mwaka 2016, na maana zote mbili zinaishi pamoja kwa amani. Neno likishakomaa halitazamwi tena mbegu yake.

Mafundi, hata hivyo, wana utofautishaji mzuri ambao wanasheria hawana. Kwao injini ni ya mafuta na mota ni ya umeme: mota ya pampu, mota ya feni, mota ya cherehani. Kutoka moto hadi mota ni irabu moja tu, na mtu anayependa maneno atavutwa kupendekeza kwamba sheria ijayo iseme "chombo cha mota". Ningeshauri tusifanye hivyo. Tukijenga istilahi juu ya kinachozungusha tairi, tutalazimika kuibomoa kila mara teknolojia inapohama. Dar es Salaam tayari imepitia hali hiyo kwa gesi: gari lililofungwa gesi na kujazwa pale Ubungo limebadili chakula, lakini mtu likimgonga anavunjika mfupa uleule. Chombo cha moto na kibaki. Kinachohitaji kuandikwa upya ni maana yake.

Ulaya wameshajikwaa hapa, na kujikwaa kwao kunafundisha. Oktoba 2017, huko Ubelgiji, mtu aliyekuwa juu ya baiskeli ya umeme aligongwa na gari na baadaye akafariki. Baiskeli ile ilikuwa na kitufe cha kuipa nguvu hadi kilomita 20 kwa saa, lakini kitufe hakikufanya kazi mpaka mpandaji awe ameanza kutumia misuli yake mwenyewe. Kampuni za bima zikashindana juu ya jambo moja: marehemu alikuwa dereva wa chombo chenye mtambo, au alikuwa mwendesha baiskeli? Sheria ya Ubelgiji inamlinda kwa namna ya pekee mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli, na ulinzi huo haumfikii dereva. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 12 Oktoba 2023 iliamua kwamba baiskeli ile si "chombo" kwa maana ya sheria ya bima, kwa kuwa haikuendeshwa kwa nguvu ya mtambo peke yake. Haki ya familia ya mtu aliyekufa ikaning'inia kwenye fasili ya nomino moja. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha anayesema istilahi ni mapambo.

Wakati huo Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaandika fasili mpya, mwaka 2021, na ndani yake hamna injini wala mafuta. Chombo ni kile kinachosukumwa na nguvu ya mtambo peke yake juu ya ardhi, bila reli, na ambacho kimeundwa kuzidi kilomita 25 kwa saa, au kina uzito wa zaidi ya kilo 25 na kinazidi kilomita 14 kwa saa. Hiyo ni lugha ya kupimia madhara: kasi na uzito ndivyo vinavyoumiza. Naiheshimu. Ila ukiileta Kimara kama ilivyo utakuta imeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda ofisini na mkoba mgongoni. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Yapange kwenye baiskeli iliyofungwa mota, iteremshe kutoka Kimara Mwisho kuelekea Bonyokwa, na uzito wa chombo chenyewe unakuwa jambo dogo mbele ya uzito wa mzigo. Ni kweli baiskeli isiyo na mota nayo hubeba madumu, lakini mwenyewe huishuka na kuisukuma mlimani, na safari zake kwa siku zina kikomo cha miguu yake. Mota inaondoa kikomo hicho. Fasili yetu ingepaswa kutaja mzigo.

Sasa kuhusu hizi zilizobadilishwa, maana hapo ndipo Kiswahili kinapong'aa. Watafsiri wa haraka wataandika "baiskeli zilizogeuzwa". Mafundi hawasemi hivyo. Wanasema imefungwa mota, kama wanavyosema gari limefungwa gesi au nyumba imefungwa sola. Kufunga ni kuongeza kitu juu ya kitu. Kilichofungiwa kinabaki na jina lake. Kugeuza ni kukifanya kiwe kingine. Na tunalo pia geuka, ambalo halitaji mtendaji: kitu kimegeuka, haidhuru nani alikigusa. Maneno haya matatu yanauliza maswali matatu ambayo mpima hasara wa bima anapaswa kuyauliza baada ya ajali. Imefungwa nini? Nani aliigeuza? Je, imegeuka?

Baiskeli iliyofungwa mota ndogo, inayosaidia miguu tu wakati mtu anakanyaga pedeli na kunyamaza akiacha, haijageuka. Ni baiskeli iliyopata msaidizi, na ningependa iitwe baiskeli saidiwa. Uingereza inaitambua ya namna hii kwa kipimo cha mota isiyozidi wati 250 na msaada unaokoma kwenye maili 15.5 kwa saa, karibu kilomita 25. Ile ambayo mtu anaweza kuvuta resi na kwenda nayo hadi Mbezi bila mguu kugusa pedeli, imegeuka. Pedeli zake ni ushahidi wa ilikotoka tu. Kuendelea kuiita baiskeli ni kumnyima mtu fulani haki yake, na mtu huyo hayupo wakati jina linapotolewa.

Mtu huyo ndiye mtu wa tatu, na istilahi yake nayo ina kasoro inayostahili kutazamwa kwa makini. Ukimwambia dereva wa bodaboda "bima ya mtu wa tatu", jambo la kwanza linalomjia ni mishikaki: yeye wa kwanza, abiria wa pili, na yule aliyebanwa nyuma kinyume cha sheria ndiye wa tatu. Ni tafsiri ya akili timamu. Anahesabu watu anaowaona kwenye kiti. Mkataba unahesabu vingine: mwenye chombo ni wa kwanza, kampuni ya bima ni wa pili, na wa tatu ni yeyote ambaye hakutia saini. Hesabu hiyo imejificha kwenye karatasi ambayo dereva hakuisoma, mara nyingi kwa sababu imeandikwa Kiingereza.

Lakini Kiswahili kina hesabu nyingine ya watatu, ambayo kila mtoto aliyemaliza darasa la saba anaijua. Nafsi ya kwanza ni anayesema, nafsi ya pili ni anayeambiwa, nafsi ya tatu ni anayesemwa. Hayumo kwenye mazungumzo, hawezi kujibu, na bado mazungumzo yote yanamhusu. Sijawahi kuona maelezo bora ya bima hii. Mimi na kampuni tunaongea. Anayesemwa ni mama anayevuka pale Kimara Baruti na ndoo kichwani, ambaye hajui kama tuliongea. Ningekuwa na uwezo ningewashauri Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na TIRA waandike kwenye kila hati, chini ya "mtu wa tatu", sentensi moja tu: yaani mtu yeyote nje ya mkataba huu atakayedhurika. Hakuna haja ya kutunga neno jipya. Inatosha kulifungua lililopo.

Na abiria je? Sheria ya Uingereza ya 1930 ilimtenga mtu aliyemo ndani ya chombo, isipokuwa yule anayebebwa kwa malipo au kwa ajili ya kazi yake. Hapo palizaliwa tofauti ambayo Kimara inaijua kwa maneno mawili, nauli na lifti. Mwenye baiskeli iliyofungwa mota anayempakia jirani kwenye keria asubuhi hadi kituoni anampa lifti. Jirani akianza kumpa mia tano kila siku, ni nauli. Pesa ni ndogo, lakini inaweza kubadilisha jibu la swali la nani analipa kichwa kikipasuka. Hati inayouzwa kwa chombo cha namna hii lazima ilitamke jambo hilo kwa maneno hayohayo mawili, nauli na lifti, kwa sababu ndiyo ambayo mtu atayakumbuka.

Maneno mengine ya fani hii yametoka mbali, kila moja na hisia yake. Bima imetufikia kutoka Kihindi, ambacho kiliitoa Kiajemi, ambako bim ni hofu. Hofu ya nani? Ya mwenye mali, bila shaka. Fidia ni Kiarabu, na ndani yake mna kukomboa. Lakini pwani yetu ilikuwa na neno lililoanza upande wa pili kabisa. Sheria ya Kiislamu ilileta dia, malipo kwa jamaa wa aliyeuawa, na pale mauaji yalipokuwa ya bahati mbaya mzigo haukuwa wa mkosaji peke yake bali ulienea kwa jamaa zake wa upande wa baba. Wengi wanachangia ili aliyedhurika asibaki mikono mitupu: ukiondoa stika na mfumo wa kompyuta, hicho ndicho kiini cha bima ya mtu wa tatu. Sipendekezi dia irudi badala ya bima. Nasema tu kwamba fikra ya kuanza hesabu kwa aliyeumia haikuletwa kwetu na meli ya Waingereza, na kwa hiyo hatuna sababu ya kushindwa kuisema kwa lugha yetu.

Wapo wanaojibu kwamba ajali haina kinga. Methali ni ya kweli, nayo haisemi kwamba ajali haina malipo.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo Sura ya 169 nayo lazima ikae katika Kiswahili, na atakayeiandika atafika kwenye kifungu cha tafsiri ambako atalazimika kusema chombo cha moto ni nini. Ningependa aandike hivi: chombo cha moto ni chombo chochote cha barabarani, kiwe cha mafuta, gesi au umeme, kiwe kimeundwa hivyo au kimefungwa mtambo baadaye, ambacho kinaweza kwenda bila mtu kukikanyaga wala kukisukuma, na ambacho kasi yake, au uzito wake pamoja na mzigo, umezidi kiwango kitakachowekwa. Fomu nayo ifuate: badala ya namba ya chasisi iulize namba ya fremu, ambayo baiskeli nyingi zimegongwa chini ya kiti au karibu na pedeli, badala ya ujazo wa injini iulize wati za mota, na iache nafasi ya jina la fundi aliyefunga.

Kujua kama baiskeli imegeuka hakuhitaji maabara. Isimamishwe kwa stendi, tairi la nyuma liwe hewani, mguu wa mtu usiguse pedeli, halafu resi ivutwe. Tairi likizunguka, ikatiwe bima.